Jaji Goldstone: tume haimfungi mtu, ila inafungua makabati

Swali tunaloulizwa sana kwenye semina zetu za sheria ni hili: jaji kaongoza tume miezi na miezi, ripoti imetoka, mbona hakuna aliyefungwa? Jamani, jaji akiwa kwenye tume hakai kama mahakama. Anatafuta ukweli, anauweka wazi, anapendekeza, basi. Ila hiyo "basi" ni nzito sana, na anayeionyesha vizuri ni Richard Goldstone wa Afrika Kusini.

Alianza ujaji jimbo la Transvaal 1980, ubaguzi wa rangi ukiwa bado mkali. 1982 kwenye kesi ya Govender akasema mtu asiye mzungu aliyekutwa anaishi eneo lililotengewa wazungu asitolewe hivihivi tu, mahakama kwanza iangalie ataenda kulala wapi, na kwa vile nyumba zenyewe hazikuwepo zoezi la kuwatoa watu likakwama. 1990 akachunguza polisi walivyowapiga risasi waandamanaji Sebokeng, 1991 akakabidhiwa tume kubwa ya kuchunguza vurugu, kipindi ambacho serikali na ANC, chama cha Mandela kilichopinga ubaguzi, wako mezani wakijadiliana huku watu wanauawa mitaani na kwenye treni.

Tume ile ilikuwa na meno kweli, sheria iliyoiunda iliiruhusu kuita mashahidi na kupekua. Novemba 1992 wapelelezi wake wakaingia ofisi ya siri ya ujasusi wa jeshi pale Pretoria wakabeba mafaili, na ndani mkakutwa mpango wa kulichafua jeshi la ANC. Mwezi uliofuata Rais de Klerk akatangaza kuwaondoa maofisa 23 wa jeshi, wengine wakastaafishwa wengine likizo ya lazima. Hakuna hukumu hapo, ni mafaili tu yametoka kabatini! Kwa hiyo tume ikitangazwa, mimi cha kwanza naangalia imepewa nguvu ya kupekua au imepewa viti na maiki tu.

1994 hadi 1996 akawa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama za kimataifa za uhalifu wa Yugoslavia na Rwanda, hii ya Rwanda ndiyo iliyokaa Arusha. Huko sasa kuna mshtakiwa, kuna wakili wake, na ushahidi lazima usiache shaka. Tusichanganye hizi kazi mbili.

2009 aliongoza tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu vita ya Gaza ya 2008 hadi 2009, kati ya Israel na wapiganaji wa Kipalestina. Israel ilikataa kushirikiana nayo. Ripoti ikasema kuna dalili za uhalifu wa kivita pande zote mbili, na hapo lawama zikammiminikia kweli. Aprili 2011 akaandika gazetini kwamba angejua mapema aliyokuja kuyajua, ripoti ingekuwa tofauti. Wenzake watatu wa tume wakajibu wazi kwamba wao bado wanasimama na ripoti ileile, na Umoja wa Mataifa haukuifuta.