Alan Page: beki aliyesomea sheria akiwa bado uwanjani

Jina la Alan Page likitajwa, hadithi huja imenyooka mno: alicheza futiboli ya Marekani, umri ukamtupa mkono, akatafuta kazi ya pili, akapewa ujaji. Hadithi hiyo ina matobo mengi.

"Beki hawezi kuwa mchezaji bora wa ligi."
Kweli, katika mchezo huu sifa nyingi humwendea kwotabeki, yule anayerusha mpira. Lakini mwaka 1971 shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Page, beki wa kati wa Minnesota Vikings, kuwa mchezaji bora wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani. Hakuna mlinzi aliyekuwa ameipata tuzo hiyo kabla yake. Ukimtafuta kwenye takwimu rasmi za waliomwangusha kwotabeki mara nyingi, humkuti: ligi ilianza kuzihesabu rasmi 1982, naye alikwishatundika daluga.

"Basi alitwaa Super Bowl."
Hapana. Alicheza fainali 4 na Vikings, wakapigwa zote.

"Beki wa kati lazima awe pande la mtu."
Page alipenda mbio ndefu, na kadiri alivyokimbia ndivyo alivyopungua, hadi karibu kilo 100. Katikati ya msimu wa 1978 Vikings wakamwacha, hoja yao kubwa ikiwa kwamba amekuwa mwepesi mno kwa nafasi ile. Chicago Bears wakamchukua, akacheza hadi 1981. Alimaliza akiwa amecheza mechi 218 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja. Mwepesi, naam, lakini nani alibahatika kumpita?

"Sheria aliikimbilia baada ya mpira kwisha."
Hapa ndipo wengi wanapokosea zaidi. Alijaribu chuo cha sheria mapema akaacha baada ya muda mfupi, kisha akarudi, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, na kuhitimu 1978, mwaka uleule alioachwa na Vikings. Maana yake ni kwamba alisoma kesi na mikataba huku akiendelea kugongana na majitu kila Jumapili. Alipoondoka uwanjani alikuwa tayari wakili, na mwaka 1985 akaanza kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo.

"Ujaji alipewa kwa sababu ya umaarufu."
Minnesota huwachagua majaji wake kwa kura, ila kwa desturi majaji wengi huondoka katikati ya muhula na gavana akateua mrithi, hivyo nafasi iliyo wazi ni nadra kufika kwenye karatasi ya kura. Mwaka 1992 gavana alimwongezea muda jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, hivyo uchaguzi wa kiti chake usifanyike. Page, aliyetaka kukigombea, akaenda mahakamani. Kwa kuwa shauri liliwagusa majaji wenyewe wa mahakama hiyo, waliitwa wengine kulisikiliza. Page akashinda, uchaguzi ukafanyika, akashinda tena. Akaapishwa Januari 1993, Mmarekani Mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo, na wapiga kura wakamrudisha mara tatu hadi alipostaafu kwa lazima 2015, akiwa na miaka 70. Umaarufu ulimsaidia kwenye kura, sikatai, lakini si umaarufu ulioandika hoja za kesi ile.

"Mfuko wake wa elimu ni sadaka ya tajiri."
Yeye na mkewe Diane waliuanzisha 1988, mwaka alioingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa futiboli huko Canton, Ohio, mji aliozaliwa na ambako ujanani alifanya kibarua kwenye ujenzi wa jengo hilohilo. Mfuko huwalipia karo vijana Weusi na wa jamii nyingine za wachache, lakini fedha hazitoki bure: anayefadhiliwa hutakiwa kuwafundisha watoto wadogo shuleni kwa kujitolea.

"Alitoka mzima."
Kidole chake kidogo kimepinda ubavuni kama bawaba. Akitembelea shule, watoto humuuliza habari zake.