Mafuta ya Iraq hayakwenda Marekani kama tulivyoambiwa

Tangu Marekani ivamie Iraq Machi 2003, wengi wameamini kwamba Rais George W. Bush alipigana ili kampuni za mafuta za nchi yake zichukue visima. Mnada wa Juni 2009 mjini Baghdad unaonyesha mengine. ExxonMobil ya Marekani iliomba kuchimba eneo kubwa la mafuta la Rumaila, Iraq iilipe ujira wa dola 4.80 kwa kila pipa. Iraq ikasema italipa dola 2 tu. ExxonMobil ikajitoa, BP ya Uingereza na CNPC ya China zikakubali. Mafuta yenyewe yalibaki mali ya Iraq. Desemba mwaka huo, Lukoil ya Urusi ikashinda eneo jingine la mafuta, West Qurna 2.

Uroho ulikuwepo, tena mkubwa, ila tumeutafuta pasipo. Ulikuwa kwenye mikataba ya kuhudumia jeshi: chakula, ufuaji, petroli. KBR, wakati huo kampuni tanzu ya Halliburton aliyoiongoza Dick Cheney kabla ya kuwa Makamu wa Rais, ilipewa bila ushindani kazi ya kukarabati visima. Na hapa ndipo naona maneno ya vita yalipofanya kazi yake. Kiongozi aliyeutangazia ulimwengu kuwa kuna “mhimili wa uovu”, kama Bush alivyoziita Iraq, Iran na Korea Kaskazini, hukuta kila kitu kimekuwa dharura, na zabuni ya wazi huonekana ucheleweshaji. Desemba 2003 wakaguzi wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, walisema huenda KBR ilizidisha malipo ya petroli kutoka Kuwait kwa hadi dola milioni 61.