Mvinyo wa mseto si makombo

Jumamosi iliyopita mzee mmoja alisukuma glasi pembeni kabla hata hajainusa. Alikuwa ameigeuza chupa, akasoma lebo ya nyuma na kukuta majina mawili ya zabibu. "Dada, mimi niletee ile safi. Hii mmeichanganya."

Nimehudumia mvinyo hapa Kisumu miaka mingi, na hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kama hiyo. Kila mara huijibu haraka nikiwa nimeshika sinia, mteja akaondoka na imani ileile. Leo naijibu nikiwa nimeketi.

Inaaminika kwamba mseto, au blendi kama tunavyosema mezani, ni mabaki. Eti kilichosalia matangini humiminwa pamoja, kikabandikwa lebo nzuri, kikauzwa. Najua hofu hiyo inatoka wapi. Katika nchi ambayo pombe haramu iliyotiwa methanoli imeua watu na kupofusha wengine, neno "kuchanganya" likikaa karibu na kinywaji lazima mtu ashtuke. Lakini hayo ni mambo mawili yasiyo na undugu hata kidogo.

Kwenye kiwanda cha mvinyo kinachojua kazi yake, kila aina ya zabibu huvunwa siku yake ilipoiva, aghalabu huchachushwa katika tangi lake na hutunzwa peke yake kwa miezi. Mseto huja baadaye. Mtengenezaji huketi na sampuli zake na kipimo cha maabara: asilimia 70 ya hii, 30 ya ile. Anaonja, anatema, anaandika. Anapunguza 5, anaongeza 5, anaonja tena. Ni kazi ya siku nyingi, na ndiyo kazi ngumu kuliko zote pale kiwandani. Mtu hafanyi hivyo kwa makombo.

Mama wa huku kwetu anapopeleka muhogo na mtama kusagisha, anajua kipimo chake. Muhogo ukizidi, ugali unanata na kuvutika. Ukipungua, unameguka mkononi. Mtama ndio unaoleta rangi na ladha. Hakuna aliyewahi kumwambia mama huyo kwamba unga wake si safi. Na pakiti ya chai uliyonayo jikoni, kwa kawaida, ni majani ya mashamba kadhaa yaliyopimwa na mwonjaji ili ladha isibadilike kila mwezi.

Ukitaka ushahidi wa mbali, nenda Bordeaux, Ufaransa. Mvinyo mwekundu wa Médoc, sehemu ya Bordeaux, uliopangwa madaraja mwaka 1855, ambao hadi leo chupa zake ni miongoni mwa zinazouzwa ghali zaidi duniani, kwa desturi ni mseto wa zabibu: Cabernet Sauvignon na Merlot, mara nyingi na Cabernet Franc au Petit Verdot kidogo. Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa Italia, inatakiwa iwe na zabibu ya Sangiovese asilimia 80 au zaidi, na nafasi inayobaki yaweza kujazwa na zabibu nyingine nyekundu. Na hiyo "safi" aliyoitaka mzee wangu? Sheria ya Afrika Kusini, zinakotoka chupa nyingi tunazouza hapa, inaruhusu jina la zabibu moja kwenye lebo ikiwa zabibu hiyo imefika asilimia 85. Marekani wanaridhika na 75. Huenda amekuwa akinywa mseto miaka yote, na akiufurahia.

Linaloniuma zaidi ni kwamba dhana hii inaumiza mvinyo wa nyumbani. Naivasha, saa chache tu kutoka hapa, kuna mashamba ya mizabibu, na Leleshwa, iliyopewa jina la kile kichaka cha Bonde la Ufa chenye majani ya kijivu na harufu ya kafuri, ndiyo chupa ambayo wengi wanaifahamu. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari: mchana jua kali, usiku baridi, na baridi hiyo ndiyo inayolinda uchachu wa zabibu. Lakini tuko jirani na ikweta. Mzabibu haupati msimu wa baridi wa kuulaza, kwa hiyo mkulima huulazimisha kupumzika kwa kuupogoa kwa mkasi, kisha anaombea mvua isije wakati wa kuvuna. Zabibu moja inatoka na sukari tele, nyingine imechelewa na bado chachu. Kwa mkulima kama huyo, mseto ndio njia ya kuwapa wateja mvinyo uliosimama sawa mwaka hadi mwaka.

Basi yule mzee nilimletea glasi tatu. Ya kushoto Merlot peke yake, ya kulia Shiraz, zabibu nyingine nyekundu, peke yake, ya katikati haina kitu. Merlot ilinukia zambarau, ikawa laini mdomoni, halafu ikaishia hapo, kama hadithi iliyokatwa. Shiraz ilileta pilipili manga na ukakasi uliobana ufizi kama pera bichi. Nikamimina sehemu mbili za kushoto na moja ya kulia kwenye ile tupu, nikamwomba aizungushe na asubiri kidogo. Mwanzo ulikuwa laini, katikati pilipili ikaja bila kupiga kelele, na ukakasi ukakaa nyuma ukishikilia ladha hata baada ya kumeza. Alionja mara tatu akiwa kimya. Akasema bado anapenda Shiraz peke yake. Sawa kabisa! Hapo amechagua kwa ulimi wake.

Ukionja mseto nyumbani, usihangaike kutafuta zabibu ipi ni ipi. Jiulize mvinyo umeanzaje, katikati una nini, na ladha inadumu muda gani baada ya kumeza. Kukiwa na shimo katikati, mtengenezaji alikosea kipimo.

Imani nyingine kuhusu mvinyo nitazipitia upesi.

"Mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumba." Chumba gani? Usemi huo ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye nyuzi 16 hadi 18. Kisumu saa tisa mchana inapita nyuzi 28, na kwa joto hilo pombe inatangulia puani na kufunika kila kitu. Weka chupa kwenye friji nusu saa. Nakuru dakika ishirini zinatosha. Nawasihi, fanyeni hili hata kama mengine yote mtayapuuza.

"Mvinyo mwekundu unaongeza damu." Hauongezi. Rangi nyekundu si damu, na tanini zake, zile zinazoleta ukakasi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga na nafaka. Aliyepungukiwa damu aende kliniki, na mjamzito asipewe hata tone.

"Machozi yanayoteremka kwenye glasi yanaonyesha ubora." Yanaonyesha pombe iliyomo, basi.

"Mvinyo ukikaa sana unazidi kuwa mzuri." Chupa chache sana. Nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, na ile uliyoisimamisha juu ya kabati la televisheni tangu harusi yenu inaiva kuelekea siki.

"Mwekundu hauendi na samaki." Inategemea samaki. Ngege wa kukaanga aliyetiwa nyanya na vitunguu anapatana vizuri na mseto mwepesi uliopozwa. Omena ni jambo jingine: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta yao, shombo inakaa mdomoni usiku kucha. Kwa omena nitakuletea maji ya ndimu.