Turbo iliyokataa kuingia: kabla hujasafiri kununua spea za Impreza

Kwenye rafu ya gereji yangu hapa Nakuru kuna turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kiisukumie injini hewa, ambayo haijawahi kufungwa kwenye gari tangu niilete kutoka Japani. Ni VF37 ya Subaru, safi, shafti haichezi, mapanga hayana hata mkwaruzo. Kijana yeyote akija kuniambia anasafiri wiki ijayo na atarudi na "vitu vya Impreza", namshikisha hiyo kwanza, aione uzito wake, halafu namwambia ilivyonipata.

Niliinunua kwa ajili ya mteja wangu wa Kisumu, mwalimu mwenye Impreza WRX STI, ile Subaru ya kasi, yenye msimbo wa mwili GDB. Turbo yake ilikuwa inakula oili. Akishapita Ahero na kuanza kupanda kuelekea Kericho, walio nyuma yake walikuwa wanafunga vioo kwa moshi wa buluu. Aliposikia nasafiri akapiga simu: "Fundi, niletee ya STI, orijino. Si ya kubahatisha." Nikapata ya STI, orijino. Nikaileta nyumbani ndani ya begi imezungushiwa suruali mbili za jinzi. Siku ya kuifunga, Mwalimu amesimama pembeni na chai yake, flanji, ule uso wa kufungia turbo kwenye bomba la moshi, ikakataa. Turbo yake ya zamani ilikuwa na tundu moja la kuingizia moshi. Hii yangu ina mawili, yametenganishwa na ukuta katikati.

Kosa lilikuwa langu, wala si la duka. GDB si gari moja. Lilitoka kiwandani kwa awamu, na kila awamu ina herufi yake, A mpaka G. STI za Japani za A na B zinatumia turbo ya njia moja: moshi wa silinda zote nne unakutana kabla ya kufika kwenye gurudumu la turbo. Kuanzia C wakaleta njia mbili, ili mipigo ya moshi ya silinda isiingiliane na turbo iamke mapema. Gari la Mwalimu ni B. Ili nimfungie VF37 ningelazimika kubadilisha manifoldi, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, na mabomba yote ya kuifikia turbo, na hapo bei ingekuwa imeshasahau tulikoanzia.

Halafu kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Ule mngurumo wa Subaru unaowageuza watu vichwa pale Kondele, Kisumu, unatokana na manifoldi ambayo mabomba yake hayalingani urefu. STI ya njia mbili ina manifoldi iliyosawazishwa, kwa hiyo mngurumo huo karibu unapotea. Nilipomweleza Mwalimu hivyo, akaweka kikombe chini. "Basi hata ungenipa bure, sitaki."

Herufi hiyo iko wapi? Fungua boneti utafute bamba dogo la chuma karibu na kichwa cha shoki. Kwenye msimbo wa modeli, angalia herufi inayofuata mara tu baada ya GDB. Piga picha bamba zima, picha iliyotulia, isiyo na kivuli cha simu yako. Utaihitaji zaidi ya unavyodhani, maana gari lililouzwa Japani halina ile namba ya VIN ya herufi na tarakimu 17. Lina namba fupi ya fremu inayoanza na GDB. Ukienda kaunta ya spea Uingereza au Dubai wakakuomba VIN, ukawasomea hiyo fupi, mtambo wao hautaitambua, na muuzaji mwenye haraka atakukisia gari. Kukisiwa gari ndiko kunakokurudisha nyumbani na kitu kisichofunga.

Tangu siku ile nasafiri na gasketi kuukuu, kile kipande chembamba cha kuzibia maungio. Kama nafuata turbo, nafungua gasketi ya turbo iliyopo, naifuta masizi, naiweka katikati ya kurasa za daftari. Kama haikutoka nzima, nachukua kipande cha katoni, nakibana kwenye flanji, nagongagonga kingoni kwa nyundo ndogo mpaka matundu yajichore, kisha nakata kwa mkasi. Dukani sihitaji kujua lugha ya mtu. Natoa katoni, naiweka juu ya kitu, matundu yamelingana au hayakulingana.

Rimu nazo zina mtego wake. GDB zote zina bolti tano, lakini mduara zinamokaa ni milimita 100 kwa STI za mwanzo, na kuanzia herufi E ni 114.3. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo rimu ikiwa imeegemea ukutani. Pima. Tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, na nati zake ni M12 zenye uzi wa 1.25. Za Toyota ni M12 pia, ila uzi ni 1.5, zinaingia mizunguko miwili hivi, unadhani ni kutu, unaongeza spana, bolti imekwisha. Na kama unafuata breki za Brembo za STI zenye diski ya mbele ya milimita 326, hakikisha una rimu za inchi 17 au zaidi, vinginevyo kalipa, kile kinachobana diski, itasugua rimu.

Japani napenda maduka ya vitu vilivyotumika, hasa yale ya Up Garage. Kila kitu kina karatasi yenye kasoro zake zimeandikwa, na kwa uzoefu wangu karatasi hiyo haisemi uongo. Jifunze maneno mawili. "Junsei" ni kitu cha kiwandani, kile ambacho sisi tunaita orijino. "Janku" maana yake kinauzwa kama kilivyo, kizima au kibovu, na hakirudishwi. Bei ya janku inavutia sana. Mimi hununua janku kama nataka bolti zake tu.

Turbo iliyotumika ikague kwa vidole. Shika ncha ya shafti uisukume ndani na kuivuta nje: kuelekea huko isicheze kabisa. Kuelekea pembeni ikicheza kidogo usikimbie, kwa sababu shafti huelea juu ya oili na hapo dukani oili imekauka. Ila mapanga yasiguse ukuta. Izungushe polepole huku umeweka sikio. Tazama ncha za mapanga kwa tochi ya simu, maana kijiwe kimoja kilichoingia kinaacha alama kama meno ya msumeno. Geuza upande wa moshi utafute nyufa karibu na mlango wa westigeti, ule unaopunguza presha ya turbo. Nyufa ndogo huko ni za kawaida kwa chuma kilichochemka miaka mingi, lakini ufa uliofika kwenye kiti cha mlango ni wa kuachwa pale pale.

Kodi ya mauzo ya Japani ni asilimia 10. Mgeni mwenye pasipoti anasamehewa katika maduka yaliyosajiliwa, akinunua kuanzia yeni 5,000. Utaratibu wa kusamehewa hapo hapo kaunta umepangwa kuisha Novemba 2026. Baada ya hapo unalipa kwanza, unarudishiwa ukiondoka. Sharjah, ambako watu wetu wengi wanapita, kodi ni asilimia 5 na vijia vya spea kuukuu havina mwisho. Huko karatasi ya kasoro hakuna. Ni wewe na tochi yako.

Sasa mizigo. Begi la kawaida ni kilo 23, na wapakiaji wengi wa ndege hawapokei begi moja linalozidi 32. Diski mbili za breki na kalipa zake zinakula begi karibu zima, na diski mpya unaweza kupata hapa nchini. Kwa hiyo mimi nabeba vidogo vyenye thamani: kompyuta ya injini, vihisi, injekta, turbo. Gia boksi na injini zije na kontena kupitia Mombasa. Kompyuta weka begi la mkononi. Injekta na pampu ya mafuta zilizotumika osha, kausha, nusa, nusa tena. Zikinuka petroli hazipandi ndege, na wana haki. Airbagi usijaribu kabisa, ina baruti ndani, na mikanda ya kujikaza yenyewe ni hivyo hivyo. Shoki za gesi uliza shirika kabla hujalipa dukani.

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, na magari yapite Soysambu hapa karibu, kila mtu anataka kiti cha mashindano. Kwa kunogesha gari, sawa. Kama unataka kushindana nacho, soma lebo ya FIA, shirikisho la dunia la mashindano ya magari: viti vingi vya kiwango cha 8855-1999 vina uhai wa miaka mitano tu, na vile vya bei rahisi vilivyorundikwa pembeni mwa duka mara nyingi vimeshapita.

Kuhusu kompyuta ya Japani, tahadhari moja. STI ya kwao imepangiwa petroli ya oktani 100, na hapa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari kwa mafuta yasiyofika hapo. Hewa ni nyembamba, turbo inazunguka zaidi kutafuta presha ile ile, joto linapanda. Ukifunga kompyuta ya Japani bila kuipanga upya, injini itaanza kugonga, yaani mafuta yatawaka kabla ya wakati wake, kabla hujafika Mau Summit.

Ukitua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, toa risiti zote mapema. Zikiwa za Kijapani, mwombe muuzaji aandike kwa Kiingereza jina la kitu na bei, kwa kalamu tu, pale pale kaunta. Utadaiwa ushuru na VAT ya asilimia 16. Usiwe na risiti, mkaguzi ataweka bei anayoiona yeye, na macho yake huwa yanaona ghali.

Mwalimu nilimpatia turbo ya njia moja safari iliyofuata, nikiwa na gasketi yake ndani ya daftari. Ile VF37 imebaki. Juzi alikuja jamaa wa Kakamega mwenye GDB ya herufi D, akaiona kwenye rafu. Tukafungua boneti, tukasoma bamba, nikaleta gasketi ya njia mbili kulinganisha. Inaingia. Sasa ananiomba nimpunguzie bei, eti imekaa sana.