Mtoto wa Kuasili Hafichwi

Wanandoa Wakristo wengi nchini Kenya hufikia uamuzi wa kuasili, yaani kumchukua mtoto wa mwingine kisheria awe wao, wakiwa wamechoka: miaka ya kliniki, mifungo isiyohesabika, maneno ya mashemeji. Wapo wanaoambiwa kwamba ukimlea mtoto wa mwenzio, tumbo lako nalo litafunguka. Hiyo si sababu ya kuasili. Mtoto haji nyumbani kuwa dawa ya utasa. Paulo anawaambia Warumi kwamba tulipokea "roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba", na mstari wa 17 wa sura hiyo ya 8 unaendelea hadi kwenye urithi.

Sheria nayo iko hapo hapo. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, amri ya mahakama ikishatolewa, mtoto huhesabiwa kana kwamba alizaliwa na wazazi hao, shamba na urithi vikiwemo. Ndiyo maana njia ya mkato ni mbaya kiasi hicho. Kupokea kichanga kutoka kwa msichana aliyelemewa, kisha kuandikisha kuzaliwa kwake kwa jina lako, ni kosa la jinai hata kama ulifunga na kuomba kabla ya kumpokea. Uongo huo hufichuka wakati mgumu, kwa kawaida baba akishafariki na ndugu zake wakaanza kudai ushahidi.

Anza na shirika la uasili lililosajiliwa. Mwombaji awe na umri wa kati ya miaka 25 na 65, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Aliye katika ndoa anahitaji ridhaa ya mwenzake, na mwanamume anayeomba peke yake hukutana na masharti makali zaidi. Andaa kitambulisho, cheti cha ndoa, ripoti ya daktari, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, uthibitisho wa mapato, na watu wa kukushuhudia. Mchungaji au padri anaweza kuwa mmojawapo. Afisa wa ustawi wa jamii atakuja nyumbani. Haji kukagua sofa. Anataka kujua mtoto atalala wapi, atabaki na nani mkienda kazini, na kama mume na mke wanatoa jibu moja kila mmoja akiulizwa peke yake. Hapa ndipo maombi ya kuasili huyumba: mke ameamua, mume amekubali ili nyumba itulie. Afadhali kuahirisha.

Mtoto naye ana utaratibu wake. Aliyeokotwa lazima aandikwe katika kitabu cha matukio cha polisi na akabidhiwe makao ya watoto kwa amri ya korti, huku jamaa zake wakitafutwa. Miezi sita ikipita bila mtu kujitokeza, polisi hutoa barua ya mwisho ya kuthibitisha hivyo. Kama ni mama anayemtoa mwenyewe, hupewa ushauri nasaha kwanza, na mipango ya uasili haianzi kabla mtoto hajatimiza wiki sita. Kisha shirika humtangaza kuwa yuko huru kuasiliwa. Barua ya polisi ikikosekana faili hukwama, kwa hiyo uliza kama ipo kabla hujaonyeshwa mtoto na moyo wako ukamshika.

Shirika likishawalinganisha na mtoto, yeye hukaa kwenu miezi mitatu mfululizo kabla ya wakili kuwasilisha ombi. Korti humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto katika kesi na kupokea ripoti ya afisa wa watoto. Amri ikitoka, kazi haijaisha: ifikishwe kwa Msajili Mkuu ili jina liingizwe katika rejista ya watoto walioasiliwa na cheti kitolewe. Wakatoliki wajue pia kwamba kanuni ya 110 ya Sheria za Kanisa humtambua aliyeasiliwa kisheria kuwa mtoto wa wazazi waliomwasili.

Miezi hiyo mitatu inahitaji uangalifu kuliko makaratasi. Mtoto aliyelelewa katika makao huenda akamwita kila mwanamke mama, akaficha mkate chini ya mto, au akaamka usiku na kulala macho wazi bila kulia, kwa kuwa amezoea kulia asijiwe. Wageni wakimwona hivyo humsifu kuwa ni mpole. Si upole. Wiki za mwanzo mlisheni, mwogesheni na mlazeni nyinyi wenyewe, si dada wa kazi wala shangazi. Blanketi alilokuja nalo lisifuliwe haraka, maana harufu yake ndiyo kitu pekee anachokijua humo ndani. Ibada ya shukrani isubiri, na siku itakapofika, shukuruni bila kusimulia madhabahuni mtoto aliokotwa wapi. Habari hiyo ni mali yake. Na anayetaka kumfanyia maombi ya kuvunja laana ya ukoo usiojulikana akataliwe kwa heshima, lakini akataliwe.

Mwambieni ukweli mapema, kabla hajaanza shule, kwa maneno mafupi: ulikua katika tumbo la mama mwingine, sisi ni baba na mama yako. Binti Farao alijua tangu kwenye kile kisafina kwamba Musa ni wa Waebrania, na Musa alikua akiwajua ndugu zake. Wazee wa pande zote mbili waambiwe kabla mtoto hajafika, ili neno "damu" lizungumzwe na watu wazima yeye akiwa hayupo.

Wekeni sanduku dogo: jina la makao, picha ya mlezi wake wa kwanza, nguo aliyopatikana nayo, nambari ya ripoti ya polisi. Amri ya korti na cheti vihifadhiwe mahali pengine, na nakala abaki nayo wakili, kwa sababu ofisi ya pasipoti na shughuli za mirathi zitavidai miaka mingi baadaye.