Matairi, rimu na umbali wa gari la umeme: kinachokula chaji ni nini hasa?

Chukua gari moja la umeme, betri ileile na mota zilezile, ubadilishe rimu na matairi tu: umbali linaokwenda kwa chaji moja utabadilika. Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021 ni mfano mzuri. Katika vipimo rasmi vya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, iliandikiwa maili 396 ikiwa na rimu za inchi 19, na maili 348 ikiwa na za inchi 21. Ni kutoka kilomita 637 kushuka hadi 560, asilimia 12 nzima, na betri haikuguswa.

Wakiona takwimu kama hizo, wengi hulaumu inchi za rimu au uzito wake. Kwa maoni yangu lawama hiyo haijafika panapostahili. Rimu kubwa huja pamoja na tairi pana zaidi lenye mpira wa kushika lami kwa nguvu, na mara nyingi huwa na uwazi mkubwa unaovuruga hewa. Mpira ndio mlaji mkuu, kisha hewa. Uzito uko mbali nyuma. Ukiujua mpangilio huo, utajua pesa yako iende wapi siku ya kubadilisha matairi.

Mpira unavyokula umeme

Tairi linapozunguka, kila kipande chake hubonyea kinapogusa barabara na kurudi katika umbo lake kikiinuka. Mpira haurudishi nishati yote iliyoubonyeza, kiasi fulani hugeuka joto. Ndiyo maana matairi huwa na moto baada ya mwendo hata kama breki hazikuguswa. Upotevu huo ndio sehemu kubwa ya ukinzani wa kuviringika, na wataalamu huueleza kwa kilo kwa tani: tairi la kilo 7 kwa tani linahitaji msukumo wa kilo 7 kwa kila tani lililobeba, ili tu liendelee kuviringika kwenye tambarare.

Tupige hesabu. Gari la umeme la kawaida pamoja na dereva wake lina kilo 1,900 hivi. Likiwa na matairi ya kilo 10 kwa tani, kani ya ukinzani ni 1,900 × 9.8 × 0.010, yaani nyutoni 186. Kwa kilomita 100 hiyo ni kWh (kilowati-saa, kipimo cha nishati ya umeme) 5.2 kwenye magurudumu. Weka matairi ya kilo 7 kwa tani, kani inashuka hadi nyutoni 130 na nishati hadi kWh 3.6. Tofauti ni kWh 1.6, na kwa kuwa mota, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota) na gia navyo hupoteza kidogo njiani, betri italazimika kutoa karibu kWh 1.8. Kama gari lako hutumia kWh 16 kwa kilomita 100, hiyo ni asilimia 11 ya umbali wako iliyopotea dukani, wakati wa kuchagua tairi.

Ukinzani huu haubadiliki sana na mwendo, lakini ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Kwa gari lenye umbo zuri la kupenya hewa, hewa hula kama kWh 1.6 kwa kilomita 100 kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kWh 6.6 kwenye mwendo wa 100, na kWh 9.4 kwenye mwendo wa 120. Kwa hiyo anayezunguka mjini anapigana zaidi na mpira wake, na anayesafiri barabara kuu anapigana na vyote viwili. Vifuniko vya rimu ambavyo havimfaidishi sana dereva wa mjini vinaweza kuwa vya thamani kubwa kwa msafiri.

Hapo awali kupunguza ukinzani kulimaanisha kupoteza mshiko kwenye maji, kwa sababu mpira usiopoteza nishati pia haung'ang'anii lami. Kilichobadilisha mambo ni silika, unga wa madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Mwaka 1992 Michelin walianza kuuza tairi ambalo mpira wake umechanganywa na silika badala ya kutegemea masizi peke yake. Mchanganyiko huo hupoteza nishati kidogo katika mibonyeo ya polepole ya kuviringika, lakini bado hushika katika mitikisiko ya kasi inayotokea mpira unapoteleza juu ya kokoto za lami. Siku hizi yapo matairi yenye alama nzuri pande zote mbili, ila si ya bei ya chini.

Kusoma tairi kabla ya kulinunua

Lebo ya Umoja wa Ulaya ndiyo chombo bora alichonacho mnunuzi, hata nje ya Ulaya, kwa sababu matairi mengi yanayouzwa huko yamesajiliwa kwenye kanzidata inayosomeka na yeyote. Tangu Mei 2021 lebo hiyo ina madaraja matano, A hadi E. Kwa matairi ya magari madogo, daraja A ni kilo 6.5 kwa tani au chini yake, B ni 6.6 hadi 7.7, C ni 7.8 hadi 9.0, D ni 9.1 hadi 10.5, na E ni 10.6 kwenda juu. Tazama pia daraja la pili, la kushika barabara yenye maji. Mimi singeshauri mtu ashuke chini ya B kwenye maji ili apate A kwenye nishati. Gari la umeme ni zito, na uzito huo wote unategemea viganja vinne vya mpira kusimama.

Zingatia kwamba lebo ni ya saizi mahususi. Tairi la jina lilelile linaweza kuwa A katika saizi moja na C katika nyingine. Tena kuna alama ndogo za kiwanda ubavuni: nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes-Benz, T0 na nyinginezo za namna hiyo kwa Tesla. Zinaonyesha kwamba toleo hilo lilitengenezwa kwa matakwa ya kiwanda cha gari, na kiwanda cha magari ya umeme karibu kila mara hudai ukinzani mdogo. Toleo lisilo na alama, lenye jina na kashata (vipande vya mpira vinavyogusa barabara) zinazofanana kabisa, linaweza kuwa na mpira tofauti. Muulize muuzaji namba kamili ya bidhaa, usitosheke na jina.

Kitu kisicho na mjadala ni namba ya mzigo. Ubavuni utakuta kitu kama 235/45 R18 98Y XL: 235 ni upana kwa milimita, 45 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 18 ni inchi za rimu. Namba 98 maana yake kila tairi hubeba hadi kilo 750, wakati 94 ni kilo 670. XL ni tairi lililoimarishwa libebe mzigo zaidi kwa upepo mwingi zaidi, na HL, iliyoanza kuonekana mwaka 2021, hubeba zaidi ya XL katika saizi ileile. Usifunge namba iliyo chini ya ile ya kibandiko cha mlangoni, hata kama tairi lina daraja A la nishati. Tairi lililozidiwa hubonyea kupita kiasi, hupata joto, na ubavu wake huchoka kabla kashata hazijaisha.

Rimu

Rimu ya inchi nyingi si lazima imalize chaji. BMW i3 ilikuwa na matairi ya 155/70 R19: rimu ya inchi 19, tairi lenye kipenyo cha karibu milimita 700, lakini upana wa milimita 155 tu. Tairi la kipenyo kikubwa hubonyea kwa pembe ndogo zaidi linapogusa barabara, hivyo huviringika kwa urahisi, na wembamba wake hukata hewa vizuri. Tatizo la rimu kubwa kwenye magari mengine ni kwamba kipenyo cha nje hakiongezeki. 235/45 R18 ina milimita 669, 235/40 R19 ina 671, 235/35 R20 ina 673. Unachopata ni ubavu mfupi na, kwa kawaida, tairi la michezo lenye mpira laini.

Magurudumu na nafasi za bodi yanamozungukia huchangia karibu robo ya ukinzani wote wa hewa wa gari. Sehemu ya juu ya gurudumu husafiri mbele kwa mara mbili ya mwendo wa gari, na mikono ya rimu husukuma hewa kama pangaboi. Rimu iliyofunikwa, bapa, iliyo usawa na ubavu wa tairi, huiacha hewa ipite. Kwa hiyo kabla ya kuvua vifuniko vya plastiki kwa sababu ya sura, jua kwamba unatoa asilimia chache za umbali wa barabara kuu. Anayenunua vifuniko vya pembeni akague klipu zake na ahakikishe haviminyi vali, maana kifuniko kikiegemea vali hukatakata mpira wake na upepo huvuja taratibu.

Kuhusu uzito, nitaupitia haraka. Rimu nne zikizidi kwa kilo 5 kila moja, ni kilo 20. Hata ukizihesabu mara mbili kwa sababu zinazunguka, ni kama umebeba kilo 40 wakati wa kuongeza kasi, na sehemu kubwa ya nishati hiyo hurudi betrini unapopunguza mwendo. Rimu nyepesi husaidia ulaini na wepesi wa gari. Usizinunue kwa ajili ya umbali.

Upepo, na mambo yanayoharibika

Pima upepo tairi likiwa baridi: gari limesimama saa 3 au zaidi, au limekwenda chini ya kilomita 2. Fuata kibandiko cha mlangoni. Namba ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, haihusiani na gari lako. Halijoto ikishuka kwa nyuzi 10, tairi la bar 2.9 hupoteza kama bar 0.13, karibu psi 2, bila kuvuja popote. Likishuka kutoka 2.9 hadi 2.4, ukinzani hupanda kwa makadirio asilimia 8, na umbali hupungua kama asilimia 2. Ni hasara ndogo kuliko inavyosemwa mara nyingi, lakini mabega ya tairi huliwa upesi na mkusanyiko wa joto ni hatari halisi. Wala usisubiri taa ya dashibodi. Kanuni za Marekani huitaka iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25, za Ulaya kwa asilimia 20. Kabla haijawaka umeshapoteza mengi.

Usitoe upepo kwenye tairi la moto kwa sababu geji inaonyesha bar 3.2. Likipoa litakuwa chini ya kiwango. Kuzidisha upepo juu ya kibandiko nako sikushauri: faida yake ni ndogo, katikati ya kashata huisha mapema, na kusimama kwenye maji kunaharibika.

Malalamiko ninayoyaona mara nyingi zaidi ni haya: "Nimefunga matairi mapya, umbali umeshuka, fundi ameharibu kitu." Kwa kawaida fundi hana kosa. Ukinzani wa tairi hupungua kadiri kashata zinavyoisha, kwa sababu mpira wa kubonyea unazidi kupungua. Tairi jipya, hata la aina ileile, huanza likiwa na ukinzani mkubwa kuliko lile lililoondolewa. Juu ya hapo, tairi lililochakaa lina kipenyo kidogo, hivyo odomita lilikuwa likihesabu kilomita za ziada na matumizi yakaonekana mazuri kuliko yalivyo. Linganisha jipya na jipya.

Kama matairi ni ya aina ileile na kushuka kumezidi hapo, kagua mambo mawili. Kwanza alaimenti. Magurudumu yakitazamana au kutengana kupita kiasi, kila tairi huburuzwa kidogo kwa ubavu muda wote. Pitisha kiganja juu ya kashata kwenda ndani na kurudi nje: upande mmoja ukiwa laini na mwingine ukikwaruza kama msumeno, jibu ni hilo. Pili breki. Kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, pedi na pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) hukaa bila kazi, hupata kutu na kugandia. Baada ya safari yenye breki chache, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Iliyo na moto kuliko wenzake ina breki inayoburuza.

Pancha nayo ina jambo lake. Matairi mengi ya magari ya umeme yana sponji iliyogundishwa ndani kupunguza mvumo. Fundi lazima akate na kuondoa sponji mahali pa tobo, asafishe gundi hadi mpira uonekane, ndipo abandike kiraka. Kiraka juu ya gundi hakishiki, na mabaki ya sponji yakiachwa yanazunguka ndani gurudumu hupoteza balansi.

Kupima mwenyewe

Chagua barabara tambarare, nenda na rudi njia ileile ili athari za upepo unaovuma na miinuko zipungue. Endesha kwanza dakika 30 matairi yapate joto lake la kawaida, kisha sifurisha kihesabio cha safari na ushike mwendo mmoja, 90 au 100, kwa kidhibiti mwendo. Zima kiyoyozi, au kiweke vilevile mara zote mbili. Rudia na seti ya pili siku yenye halijoto inayokaribiana, lami ikiwa kavu. Soma kWh kwa kilomita 100, wala si kilomita zinazokadiriwa na dashibodi, kwani makadirio hayo hubeba historia ya uendeshaji wako. Kama menyu ya gari ina sehemu ya kuchagua aina ya rimu, ibadilishe, la sivyo makadirio yatabaki ya rimu za zamani.

Linganisha pia odomita na umbali wa GPS kwa kila seti. GPS ikisema kilomita 51 na odomita 50, gawanya matumizi yaliyoonyeshwa kwa 1.02 kabla ya kulinganisha. Na tofauti iliyobaki ikiwa chini ya asilimia 3, rudia kipimo kabla ya kuamini, kwa sababu upepo mwepesi wa mbele peke yake unatosha kuileta.