Bima kubwa hailipi kila kitu gari la kale likiharibiwa na dhoruba

Wenye magari ya kale wengi huamini kwamba ukiwa na bima kubwa, mti ukiangukia gari wakati wa dhoruba, kampuni italipa gharama yote ya kulirudisha lilivyokuwa. Si hivyo. Kwa kawaida bima kubwa hufidia hasara ya dhoruba, lakini kiasi cha fidia kinategemea jinsi thamani ilivyoandikwa kwenye mkataba.

Mikataba mingi hulipa bei ya soko ya siku ya hasara, uchakavu ukiwa umeshatolewa. Kwa gari la miaka 50 hesabu hiyo inaumiza sana: mkadiriaji wa hasara wa kampuni asiyelijua huona chuma kikuukuu, haoni injini iliyofumuliwa na kuundwa upya. Matengenezo yakizidi bei hiyo, gari huhesabiwa limekufa, yaani halifai tena kutengenezwa, hata kama fundi wako anaweza kulinyoosha. Dawa ni mkataba wa thamani mliyokubaliana mapema wewe na kampuni, wenye ripoti ya mthamini, picha na risiti, na uuhuishe kila bei zinapopanda.

Gari likiingiwa na maji, tafadhali usiliwashe. Maji ndani ya silinda hayabanwi, konrodi (fimbo ya chuma inayoshika pistoni) hupinda, na uharibifu huo kampuni inaweza kuukataa. Piga picha ya mstari ulioachwa na maji mlangoni, chomoa betri, funika kwa turubai na utunze risiti yake. Vipande vilivyovunjika usivitupe kabla mkadiriaji hajaviona. Taa ya asili, hata ikiwa imepasuka, ni ushahidi.